Saa ishirini usiku, na kuku aliyekula dakika

Juzi kati mama yangu alikuja kutusalimia kutoka Ukerewe, akakaa kwenye kochi anasubiri taarifa ya habari, miwani kaiacha kwenye mkoba, akamwambia binti yangu wa darasa la kwanza, "Mama, hebu niangalizie saa." Mtoto akachukua simu yangu akasoma vizuri tu tena kwa ile sauti ya darasani: "Bibi, ni saa ishirini kamili."

Kimya.

Bibi akanigeukia mimi, wala sio mtoto. "We mwanangu, huku Mwanza siku hizi mmefika saa ishirini?"

Tulicheka mpaka taarifa ya habari ikatupita nusu, ila usiku nikawa nawaza, maana ukiangalia vizuri mtoto hajakosea, simu imeandika 20:00 na yeye kasoma 20:00. Halafu nikakumbuka daftari lake. Wiki ile ile alipewa zoezi lina picha ya saa, mshale mfupi uko kwenye 9 na mrefu kwenye 12, akaandika "saa tisa", kapigwa kosa jekundu kubwa. Kesho yake kipindi cha Kiingereza, picha hiyo hiyo, akaandika tisa kwa Kiingereza, kapewa vema. Sasa hebu ungekuwa wewe, una miaka sita na nusu, saa ni moja, mshale ni mmoja, leo tisa ni kosa na kesho tisa ni sahihi, na hakuna mtu mzima aliyekuambia kwa nini. Mimi ningeacha shule.

Yaani sisi tumejua hii kitu kwa kuzoea tu. Mtu akiona 7 ubongo wenyewe unasema "saa moja", hata hatuoni kwamba tumefanya hesabu. Mtoto haoni moja popote pale, anaona saba, na akiuliza anajibiwa "ndivyo ilivyo". Marehemu babu yangu alilimaliza hilo tatizo kivyake, saa yake ya mkononi alikuwa anaigeuza mishale, ikifika saa moja asubuhi inasoma moja kweli. Shida ilikuwa kwa mtu mwingine akiiazima.

Kwa hiyo nikaamua kuanza upya, na bibi ndo akawa mwalimu mkuu bila kujua. Alimwambia mjukuu hivi: jua likitoka unaanza kuhesabu, saa ya kwanza ikiisha hiyo ndo saa moja, ya pili ikiisha saa mbili, mpaka kumi na mbili jua linazama, halafu usiku nao unaanza kuhesabiwa upya. Basi. Kwa Kisukuma alichanganya humo na salamu, asubuhi mwangaluka, jua likishageuka mwadila, mtoto akaelewa kwamba saa yetu inafuata jua, na ile ya kwenye namba inaanza kuhesabu usiku wa manane watu wamelala. Nusu ya kazi ikawa imeisha hapo, aisee, mimi nilikuwa nahangaika na kutoa na kujumlisha kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni jua.

Ila akaniletea swali lingine. Gari la shule linampitia saa kumi na mbili na robo, kuna miezi hapa Mwanza muda huo bado giza giza, akaniuliza kama saa kumi na mbili ndo jua linatoka, liko wapi? Hapo nilibabaika kidogo. Ni hivi, Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia saa inayofanana, imetangulia ile ya Greenwich kule Uingereza kwa saa 3, na saa 3 kwa jua ni nyuzi 45 mashariki ya Greenwich kwenye ramani, ambazo zinapita huko karibu na Mogadishu. Sisi tuko kwenye nyuzi 33 hivi. Jua linatumia dakika 4 kwa kila nyuzi moja, piga hesabu, linatuchelewa kama dakika 48, ndo maana hapa linafika utosini karibu saa saba mchana na jioni watoto wanacheza mpaka karibu saa moja bado kuna mwanga. Watu wa Dar wanalipata mapema kuliko sisi kwa dakika ishirini na kitu hivi, inategemea na mwezi. Kwake nilifupisha: jua linatokea baharini, linapita Dar kwanza, huku ziwani linafika limechoka. Akakubali.

Sasa vifaa. Saa yetu ya ukutani ilikuwa imesimama saa nne na dakika kumi tangu sijui lini, nilinunua betri siku hiyo nikaona aibu. Lakini saa ya ukutani mtoto haishiki, kwa hiyo tulitengeneza ya chini, uani. Vizibo vya soda 12, nilivipata kwa jirani mwenye duka, nikaviandika namba kwa makapeni tukavipanga duara kwenye mchanga. Mishale nilichomoa kwenye fagio la chelewa, njiti ndefu ya dakika, nyingine nikaivunja katikati ikawa ya saa. Bibie akauliza, "Mama, kwa hiyo huu mshale mrefu ni chelewa?" Nikasema ndio, ni chelewa. "Ndo maana tunachelewa." Sikuwa na la kujibu.

Halafu dakika. Watoto wengi wanakwama hapa, wanaona mshale mrefu uko kwenye 3 wanasema dakika tatu, na huwezi kuwalaumu, si imeandikwa 3. Nikachukua punje za mahindi 60, kati ya kizibo na kizibo punje tano, nikamwambia kila punje ni dakika moja, hebu hesabu kutoka juu mpaka kwenye 3. Akahesabu moja moja kwa kidole mpaka 15, akarudia, 15 tena. Siku ya pili mwenyewe kachoka kuhesabu moja moja akaanza kuruka, tano, kumi, kumi na tano, mimi sijamwambia kitu. Siku ya tatu nimeingia jikoni kugeuza dagaa nasikia kelele uani, "Mama, kuku anakula dakika!" Natoka namkuta jogoo wa jirani kasimama katikati ya saa, kameza kuanzia kwenye 4 mpaka karibu na 7. Kaka mtu, wa miaka tisa, anacheka kalala chini. Bibie kahesabu zilizobaki analia: "Kala dakika kumi na nne." Tangu hapo robo saa kwake ni kitu kinacholiwa, nikimwambia bado robo saa tuondoke anajua ukubwa wake, ni karibu sawa na zile za jogoo.

Hiki ndicho kitu ambacho saa ya dijitali haina, na hapa naweza nikabishana na mtu yeyote. Ile inakuambia saa hivi ni ngapi, basi. Ya mishale inakuonyesha umetoka wapi na bado kiasi gani, na mtoto kitu anachotaka kujua siku zote ni bado kiasi gani. Najua kuna wazazi wanaona saa ya mishale imepitwa, kila kitu ni simu, mimi nasema anza na mishale, simu ataijua tu hata usipomfundisha.

Na kwa sisi Waswahili kuna sababu nyingine, ile ya ng'ambo. Kwenye saa ya mishale huhitaji hesabu kabisa, ukitaka kujua ni saa ngapi kwa Kiswahili unaangalia namba iliyo upande wa pili wa mshale mfupi, unafuata mkia wake. 7 ng'ambo yake ni 1, 8 na 2, 9 na 3, 10 na 4, 11 na 5, 12 na 6. Nilimwambia ni kama Kigongo na Busisi. Tulivuka pale kwenda Sengerema daraja lilipofunguliwa 2025, kilomita 3 juu ya maji, alihesabu mpaka akalala, kwa hiyo anajua maana ya ng'ambo. Kizungu kinakaa Kigongo, Kiswahili kinakaa Busisi, mshale mfupi ndo daraja. Lile zoezi lenye kosa jekundu nikamwekea tena kwenye vizibo, kaweka kidole kwenye 9, kakivusha taratibu mpaka ng'ambo, kakuta 3. Akaniangalia. "Saa tatu?" Akarudi kwenye 9, akavuka tena kuhakikisha. Hata ikiwa na nusu inakubali, mshale ukiwa katikati ya 7 na 8 mkia unaelekea katikati ya 1 na 2, saa moja na nusu, safi.

Simu haina ng'ambo, hiyo ndo shida yake. Hapo hesabu haikwepeki. Kwanza toa ile ya masaa 24, weka ya masaa 12, mtoto wa darasa la kwanza umpe 19 na 20 unamtafutia nini. Tofauti ni sita siku zote, kuanzia 7 mpaka 12 toa sita, kuanzia 1 mpaka 6 ongeza sita, na vidole vinatosha. Hayo masaa 24 kaka yake ndo nimemwanzishia, mchana mzima anatoa sita, kuanzia 19 anatoa kumi na nane, na 00:00 ni saa sita usiku, maana yeye aliiona mara moja tu akasema simu imekufa.

Kasorobo ndo usiikimbilie. Angalia 7:45. Simu inasema saba, mtoto anatoa sita anapata moja, halafu wewe unamwambia ni saa MBILI kasorobo. Mbili imetoka wapi? Kwenye mishale anaiona, mshale mfupi umeshakaribia kabisa 8, ng'ambo yake ni 2, bado kidogo tu ufike. Kwenye simu haonekani mtu anayekaribia popote. Mimi namwacha aseme saa moja na dakika arobaini na tano, ni sahihi, na bibi akimsahihisha anasahihishwa kwa upole.

Na tusijifanye sisi wakubwa tunajua. Mdogo wangu kasoma shule za Kiingereza maisha yake yote, mwaka juzi alikata tiketi ya basi kwenda Dar, imeandikwa kuripoti 11:30, kuondoka 12:00, hakuna neno asubuhi wala mchana. Akaja stendi ya Nyegezi na begi lake saa tano na dakika ishirini mchana, kaoga, kanywa chai, anajiona kawahi. Basi lilikuwa limeondoka saa kumi na mbili asubuhi, limeshavuka Shinyanga zamani. Aliyeandika tiketi kaandika Kiswahili, aliyeisoma kaisoma Kizungu, nauli haikurudi. Kampuni siitaji, lakini jamani neno "asubuhi" lina herufi saba tu.

Sasa hivi bibie anasoma ya mishale bila vizibo, ya simu anasita kidogo, macho juu, vidole vinacheza chini ya meza, halafu anasema. Shida imehamia kwangu. Zamani nikisema "nakuja dakika tano" ilikuwa ni namna ya kusema subiri, siku hizi anasimama mbele ya ukuta anaangalia. Jumamosi tulikuwa tunaenda Kirumba, nikampigia boda wetu, akasema yuko hapo Mabatini, dakika tano tu. Mshale ulikuwa kwenye 2. Tukakaa kibarazani na vikapu. Akaingia ndani kuangalia, akatoka. Akaingia tena, akatoka. Boda kafika anapiga honi, bibie anamwangalia tu kamshika mkono bibi yake.

"Mshale uko kwenye 6," akasema. "Ukitoa zile tano zake, kala dakika kumi na tano. Huyu anashinda kuku."

Boda akaniuliza, "Mama, mtoto anasemaje?"