Jicho la Ndege

Usiku huu nimefumua jicho la ndege kwa mara ya tatu. Jicho lenyewe ni mshono mmoja tu wa uzi mweusi wa hariri, haufiki hata milimita moja. Ndege mzima, toka mdomo hadi mkia, ana mishono 22, na ukucha wangu wa kidole gumba unamfunika wote. Lakini jicho lilikaa tundu moja la kitambaa juu zaidi, basi ndege akaonekana kama aliyeshtuka. Nimelishusha. Sasa ametulia, anamwangalia mwenzake aliye upande wa pili wa ua lililoshonwa katikati yao.

Nina furaha ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyeshika sindano.

Udarizi wangu ni ule wa kanvasi, kitambaa kilichofumwa wazi kikaacha matundu yaliyopangika, nawe unayajaza moja baada ya jingine mpaka kitambaa kisionekane tena. Mshono wa msingi ni mdogo na umelala mshazari, na yote sharti ilale upande mmoja. Nilianza na kanvasi ya matundu 10 kwa inchi na nyuzi nene za sufu, nikishona mto wa maua. Nilienda mstari kwa mstari, nikivuta uzi kwa nguvu, na nilipoutoa mto kwenye fremu ulikuwa umepinda, pembe moja imekimbilia huku na nyingine kule. Niliulowesha, nikaunyoosha juu ya ubao, nikaubana kwa pini na kuuacha ukauke. Ikabidi nirudie mara tatu. Baadaye ndipo nikajifunza kushona kwa kwenda mshazari, mshono ambao mgongo wake unafanana na kikapu kilichosukwa. Huo hauivuti kanvasi upande mmoja. Ukitazama vizuri, kitambaa chenyewe kinakuelekeza: pale uzi wake wa wima unapopita juu, safu yako inashuka, pale uzi wa mlalo unapopita juu, safu inapanda. Siku nilipoliona hilo kwa macho yangu niliinua mikono juu nikiwa peke yangu chumbani.

Kazi ndogo zilinijia taratibu. Kanvasi ya matundu 18 kwanza, halafu shashi ya hariri, kitambaa chepesi chenye matundu madogo sana, 40 kwa inchi, na hapo ndipo nilipotua. Hesabu yake inatisha kidogo. Inchi moja ya mraba ya ule mto wangu wa kwanza ilikuwa na mishono 100. Kwenye shashi hii ni 1,600. Wengi wanaoshona hivi hutengenezea nyumba za wanasesere, kwa kipimo cha moja kwa 12, kwa hiyo mto wa kawaida wa sentimita 45 unabaki sentimita 3.75, yaani karibu mishono 60 kila upande. Ndege wangu wawili ni wa mto kama huo. Zulia la futi 6 kwa 4 nalo linakuwa la inchi 6 kwa 4, na hizo inchi zinadai mishono 38,400. Zulia bado sijathubutu, ila mchoro wake ninao kwenye droo na huwa nauchungulia.

Vifaa ni vichache. Sindano butu namba 28 (kwa sindano hizi, namba ikipanda unene unapungua), uzi mmoja tu wa hariri, taa iliyo karibu, lenzi ya kukuzia. Na kitambaa cheupe mapajani, maana bila weupe ule chini yake matundu ya shashi hayaonekani. Sufu ikipita kwenye kanvasi unaisikia ikikwaruza. Hariri kwenye shashi haina sauti kabisa. Nyakati nyingine najikuta nimebana pumzi.

Ninachokipenda hasa ni hiki: kwenye kazi kubwa naweza kuchora kwa uzi. Jani lina mkunjo, lina kivuli, lina rangi tano za kijani, na mshono mmoja ukikosewa jani halijali. Kwenye kazi ndogo jani ni mishono minne. Siwezi kulichora jani, naweza tu kuchagua ni kitu gani kitamfanya mtu aseme hili ni jani. Ncha yake? Pale linapoungana na shina? Nikichagua vibaya ni doa la kijani. Nikichagua vizuri, jicho la mtazamaji linajaza yaliyobaki, na linajaza kwa ukarimu kuliko ningeweza mimi.

Nikishona ndege humfikiria Malkia Mary wa Scotland, aliyefungiwa Uingereza tangu mwaka 1568 mpaka alipouawa mwaka 1587. Miaka hiyo alishona sana, mingine akiwa pamoja na Bess wa Hardwick, mke wa yule aliyepewa kazi ya kumlinda. Walichukua wanyama, ndege na samaki kutoka kwenye picha za vitabu wakawahesabia mishono, na baadhi ya kazi hizo zipo hadi leo katika jumba la Oxburgh, Norfolk. Nawaona wameinama pamoja juu ya kipande kimoja, wakibishana mdomo wa ndege uishie tundu gani.

Kesho naanza uwanja, yaani sehemu inayowazunguka ndege, kwa rangi ya krimu. Hapo inabidi niwe mwangalifu na upande wa nyuma, kwani uzi mweusi ukivutwa nyuma ya sehemu nyeupe huonekana mbele kama mkwaruzo. Niliwahi kuharibu ua zima kwa njia hiyo. Nyuzi nne za krimu nimeshazikata na kuzilaza kwenye kitambaa. Ila sindano bado nimeiacha na uzi mweusi. Ndege wa pili hajapata jicho.