Jinsi nilivyoirudisha mizizi halisi ya polinomia

Katika skuli yetu hapa Chake Chake, polinomia ya digrii 20 yenye mizizi (thamani za x zinazoifanya iwe sifuri) 1 hadi 20 ilikuwa ikitoa mizizi changamano, yaani isiyo namba halisi, kwenye kompyuta. Kubadili mbinu ya kutafuta mizizi hakukusaidia, wala kukokotoa kwa tarakimu 50. Kilichofaa ni kuviandika upya vizigeu vyote (namba zinazozidisha vipeo vya x) vikiwa namba kamili, kwani faili lilihifadhi tarakimu 8 za mwanzo tu za kila kizigeu, na usahihi uliokwisha kupotea humo haurudishwi na hesabu ya baadaye. Ndipo nikakokotoa tena kwa tarakimu zile zile 50, na mizizi yote ikatoka sawa. James Wilkinson, mwanahisabati Mwingereza, alionesha jambo la kustaajabisha: kuipunguza -210, kizigeu cha x¹⁹, kwa 1/8,388,608 tu huigeuza mizizi 10 kuwa changamano.