Boksi lisilo na lebo

Multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, ilisoma omu 13 kwenye boksi langu la spika za gitaa, omu zikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Nikagusanisha ncha zake zenyewe kwa zenyewe kuhakikisha zinashuka hadi sifuri, nikapima tena: 13. Boksi nilikuwa nimelipata kwa mtu, limeshatumika, spika nne za inchi 12 ndani na lebo ya nyuma ilishabanduka zamani. Amplifaya yangu ni ya valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, na ina matundu matatu ya spika: omu 4, omu 8 na omu 16. La 13 halipo.

Mwingine angechomeka popote akapiga gitaa lake. Mimi nilishawahi kuunguza transfoma ya amplifaya, ile inayopeleka nguvu kutoka kwenye valvu hadi kwenye spika, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kumbe multimita hupima ukinzani wa waya wa koili tu, kwa mkondo mnyoofu wa betri yake. Namba inayoandikwa kwenye spika ni impidansi, yaani jinsi spika inavyoukinza mkondo geu wa muziki, na hiyo haitulii. Ukipiga noti nzito inayoangukia pale spika inapopenda kutikisika yenyewe, spika ya omu 8 hupanda mara kadhaa. Kwa hiyo ile 8 ni kama jina la ukoo. Kwenye multimita spika ya 8 husoma 6 na kitu, ya 16 husoma 12 au 13 hivi. Boksi langu lilikuwa la 16.

Nikalifungua mgongo hata hivyo, maana siamini mpaka nione. Kila spika imeandikwa 16. Mbili zimeunganishwa kwa mfululizo, mkondo unapita moja kisha nyingine, zinakuwa 32. Mbili nyingine vivyo hivyo, 32. Kisha jozi hizo mbili zimeungwa sambamba, mkondo unagawana njia mbili, unarudi 16. Spika nne, namba ileile ya spika moja, na kila moja inabeba robo ya wati zote za amplifaya. Aliyelibuni hilo alikuwa na raha siku hiyo.

Sasa ile transfoma. Namba hazikuwa na kosa lolote, zilikuwa zimelingana sawasawa. Kosa lilikuwa waya: nilitumia waya wa gitaa kuunganisha boksi, ule wenye uzi mwembamba katikati na wavu wa kuzuia mivumo. Ukakatikia ndani ya plagi katikati ya wimbo. Sauti ikapotea, nami badala ya kuzima nikaongeza volyumu, nikidhani gitaa ndilo lina tatizo. Amplifaya ya valvu ikikosa mzigo, yaani spika ya kupokea nguvu yake, nguvu iliyomo kwenye transfoma haina pa kutokea, volti zinaruka juu mpaka cheche zinatoboa vihami vya ndani. Harufu yake hutaisahau ukishainusa mara moja. Amplifaya nyingi za valvu za kampuni ya Fender zina tundu la spika linalojifunga lenyewe plagi isipokuwepo, kwa sababu valvu huvumilia shoti ya muda mfupi kuliko kukosa mzigo kabisa. Yangu haikuwa na kitu hicho.

Ndiyo maana watu wanaponiuliza kwa hofu kama boksi la 16 kwenye tundu la 8 litaleta balaa, huwa natulia. Valvu zitaona mzigo mara mbili ya uliokusudiwa, wati zitapungua kidogo, sauti itabadilika. Amplifaya nyingi nzima hustahimili tofauti ya mara mbili, ingawa mimi bado nalinganisha. Ikifika mara nne siigusi. Amplifaya za transista kwa kawaida hazina transfoma ya kutolea sauti, nazo zina sheria yake: omu zikizidi, unapoteza wati tu, zikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa nyuma, mkondo unakuwa mwingi na transista zinaungua. Hapo ndipo mtu huongeza boksi la pili la 8 sambamba na la kwanza, akasahau kwamba sasa ana 4.

Nyuma ya boksi langu nimeandika 16 kwa rangi nyeupe. Waya wa spika, mnene, usio na wavu, nimeufunga utepe mwekundu usije ukachanganywa na wa gitaa. Mpiga besi wetu ameshauchomeka kwenye besi lake mara mbili, ukavuma kama mzinga wa nyuki, na mara zote mbili alilaumu spika.