Logi zilizoijaza diski ya Ami

Leo nimeshinda saiba kwa Ami, pale Kibokoni, na kilichonishindisha huko ni mstari mmoja wa maandishi uliokuwa ukijirudia ndani ya laptopu yake mpaka ukaijaza diski. Laptopu yenyewe ni ya mtumba, imewekwa Ubuntu, ambayo ni aina ya mfumo wa Linux, na ndiyo anayoitumia kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni na kuwachapishia vyeti. Tangu jana ilikuwa ikilikubali nenosiri lake, skrini ikazima kidogo, kisha ikamrudisha pale pale pa kuandikia nenosiri. «Mwanangu, nimefuta picha zote za harusi,» aliniambia kabla sijaketi, «na mpaka jana ilikuwa bado yaniambia imejaa.» Picha za watu hazikuwa na hatia yoyote.

Mfumo wa madirisha ukishindwa kufunguka, kuna mlango wa pili ambao kwa kawaida hubaki wazi: vitufe vya Ctrl, Alt na F3 vikibonyezwa pamoja huleta skrini ya maandishi matupu, na hapo nenosiri la Ami lilipokelewa bila taabu. Amri ya df ilionyesha kwamba diski imefika asilimia 100, na amri ya du, inayopima ukubwa wa saraka, nilipoishusha saraka baada ya saraka, ikanifikisha kwenye /var/log, panapotunzwa logi, yaani kumbukumbu za maandishi ambazo mfumo hujiandikia. Palikuwa na mafaili mawili, syslog na kern.log, kila moja likiwa limefura hadi makumi ya gigabaiti, na kando yao saraka ya journal iliyokuwa imeshiba kufikia kikomo chake. Sababu ya kuwa na rundo tatu za habari ile ile ni kwamba kwa mpangilio wa kawaida wa Ubuntu, ujumbe wa keneli, yaani kiini cha mfumo, huandikwa mara tatu: programu ya journald huuweka katika hifadhi yake, ile saraka ya journal, kisha programu ya rsyslog huunakili katika syslog, na tena katika kern.log. Journald ina adabu. Usipoiagiza vingine, haichukui zaidi ya asilimia 10 ya diski wala haivuki gigabaiti 4. Yale mafaili mengine mawili hayana mpaka wa namna hiyo, kwa kuwa logrotate, programu inayoyaweka kando ya zamani na kuanza mapya, huyazungusha kwa kufuata kalenda na si kwa kuangalia ukubwa, kwa hiyo yakifura kabla ya siku ya kuzungushwa hakuna wa kuyazuia.

Hapa ndipo wengi hukwama. Hulifuta faili kwa rm, wakaona jina limetoweka, lakini nafasi haikurudi hata kidogo, kwa sababu rsyslog bado imelishikilia, na Linux haiachilii nafasi ya faili mpaka programu ya mwisho iliyolifungua ilifunge. Niliyapunguza kwa truncate -s 0, ambayo hulimwaga faili bila kuliondoa, na nafasi ikarudi papo hapo. Ami alikwishavuta kiti aanze kazi, kwani wateja walikuwa nje, lakini nilimsihi anivumilie, kwa maana syslog ilikuwa imeanza kufura upya machoni petu.

Mstari uliokuwa ukijirudia ulitoka kwa draiva ya pcieport. Ulitaja mlango 0000:00:1c.5, ukasema kuna hitilafu katika basi la PCIe, yaani njia inayounganisha vifaa na ubao mama, severity=Corrected, tabaka la kimaumbile; chini yake ukafuata status/mask=00000001/00002000, na chini zaidi [ 0] RxErr. Ukimaliza, ulianza tena. Nambari hizo zinasomeka vizuri ukizitulia: upande wa kushoto ni rejista ya hitilafu zilizotokea, na biti iliyowaka ni ile ya sifuri, yaani mpokeaji alipata ishara asizoweza kuzisoma, upande wa kulia ni zile ambazo zimeamriwa zisiripotiwe. Amri ya lspci -tv, ambayo huchora vifaa kama mti na matawi yake, ilionyesha kwamba nyuma ya mlango huo kuna kifaa kimoja tu, nacho ni kadi ya Wi-Fi.

«Kama imejisahihisha, basi yalia nini?» Ami aliuliza, na naona ni swali la haki kuliko mengi ninayoulizwa na watu wa kompyuta wenyewe. Katika PCIe, kila pakiti husafiri na hesabu ya kuikagua, ambayo kwa pakiti za data ni biti 32. Mpokeaji huifanya hesabu hiyo upya, na asipoiona sawa humwarifu mtumaji, ambaye bado ana nakala katika hifadhi yake, naye huituma tena. Programu hazijui lolote kuhusu kurudiarudia huko, na data haipotei. Taarifa yenyewe hutolewa na sehemu ya maunzi iitwayo AER, ambayo hugawanya hitilafu katika mafungu matatu: zilizosahihishwa, zile zisizosahihika lakini zisizouangusha mfumo, na zile za maangamizi. Moja ya fungu la kwanza kwa siku si kitu cha kukunyima usingizi. Zikija mfululizo, sekunde baada ya sekunde, maana yake ni kwamba njia kati ya kadi na ubao mama haiko sawa, na kwamba kusahihisha kumekuwa kazi ya kudumu.

Dawa inayosambazwa sana ni kuongeza neno moja katika /etc/default/grub, faili la mipangilio ya kuiwasha keneli, kuendesha update-grub, kisha kuiwasha kompyuta upya. Maneno yenyewe ni matatu, na watu huyapendekeza kana kwamba yana kazi moja. La kwanza, pci=noaer, huizima AER yote. La pili, pci=nomsi, huvinyima vifaa vyote vya PCI njia ya kisasa ya kuiita keneli, vikarudishwa kwenye nyaya za zamani, eti kwa sababu ya kadi moja. La tatu, pci=nommconf, ndilo linalonichekesha: kila kifaa cha PCIe kina baiti 4096 za mipangilio, lakini njia ya kale hufikia baiti 256 za mwanzo pekee, na rejista za AER ziko ng'ambo ya hapo. Ukiweka nommconf, keneli haiwezi tena kuzifikia, ikanyamaza. Ni noaer ile ile iliyovishwa kanzu. Sisemi kwamba noaer ni haramu. Kuna kompyuta ambazo ubao wake una kasoro isiyotibika, na mwenyewe anataka kazi iende. Kinachonikera ni kuitumia kabla ya kuuliza chochote, kwa sababu inazima taarifa za kompyuta nzima, pamoja na za diski ya NVMe, ile inayopita PCIe, kama ipo, na zile za maangamizi zinazimwa pamoja na hizi za kelele.

Kuna hasara nyingine ya mafuriko haya ambayo diski iliyojaa huificha. Hifadhi ya ujumbe ndani ya keneli, ile inayosomwa na dmesg, ina ukubwa maalumu, na mapya yakizidi huyasukuma ya kale nje. Journald nayo hufuta ya zamani ili ibaki ndani ya mpaka wake. Kwa hiyo ujumbe wa maana unaweza kuishi dakika chache tu, ukafunikwa. Niliendesha journalctl -k nikiichuja mistari yote ya AER na ya mlango ule, na katika kile kidogo kilichobaki nikakuta «USB disconnect» ikifuatwa na kifaa kile kile kutambuliwa upya, tena na tena. Ilikuwa printa. Ami amekuwa akilalamika kwa muda mrefu kwamba printa yake husimama katikati ya kurasa, na amekwisha kuilaumu wino, karatasi na hata stima. Kumbe waya wa USB umelegea upande wa laptopu, na ushahidi ulikuwa ukiandikwa kila siku chini ya kifusi. Nilimpa waya wangu. Habari ya printa ikaishia hapo.

Tukarudi kwenye kadi. Saiba ya Ami ina dirisha linalopokea upepo wa baharini moja kwa moja, na sasa ni majira ya kusi. Mtu wa bara anaweza asielewe jinsi hewa hii ya chumvi na unyevu inavyokula chuma, lakini hapa Mombasa hata bawaba za milango zinajua. Nilizima laptopu, nikatoa kifuniko cha chini, na kabla ya kugusa kitu nikachomoa waya wa betri kutoka kwenye ubao. Kadi ya Wi-Fi ni kipande cha M.2 kisichozidi upana wa vidole viwili, kimefungwa kwa skrubu moja na kuunganishwa na nyaya mbili nyembamba za antena. Nyaya hizo hazitaki kuvutwa. Huinuliwa taratibu kwa ukucha, juu wima, la sivyo kichwa chake hung'oka pamoja na soketi. Kadi ilipotoka, nilimwonyesha Ami meno yake ya dhahabu: machache yalikuwa yaking'aa, na mengine yalikuwa na utando wa kijivu uliofifia, kama wa sarafu iliyokaa mfukoni. Niliyafuta kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili, nikapuliza soketi kwa pampu ya mkono, nikaiacha ikauke vizuri kabla ya kuirudisha. Kifutio cha penseli, ambacho mafundi wengi hukimbilia, sikipendi, kwa kuwa hukwangua dhahabu yenyewe, na dhahabu ikiisha, chumvi inapata chakula kizuri zaidi.

Mafuriko yalipungua mno, lakini hayakukoma, na safari hii nyakati zake zilikuwa na la kusema. Ami alipokuwa akipakua faili kubwa, palikuwa kimya kabisa. Mtandao ukiachwa bila kazi, mistari ikaanza kumwagika. Ungetarajia kinyume chake, kwamba kadi inayofanya kazi nyingi ndiyo itakayokosea zaidi. Lakini PCIe ina utaratibu wa kuokoa nguvu uitwao ASPM, ambao huipeleka njia isiyo na kazi katika usingizi mwepesi, L0s, au mzito zaidi, L1. Ikiamshwa kutoka L0s, mpokeaji hupewa muda mfupi sana wa kuipata tena mwendo wa biti zinazokuja, na muda huo usipomtosha, anachosoma mwanzoni ni takataka, na takataka hiyo ndiyo RxErr.

Hapa pia kuna ushauri maarufu unaopotosha. Watu huandika pcie_aspm=off wakidhani wameuzima usingizi, ilhali maana yake ni kwamba keneli isiiguse mipangilio ya ASPM hata kidogo, ibaki kama ilivyowekwa na bayosi, programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta. Kama bayosi iliuwasha, umebaki umewashwa. Anayetaka kuuzima kweli hutumia pcie_aspm.policy=performance, ambayo hata hivyo inakesheza njia zote za kompyuta. Kwa laptopu ya Ami sikuitaka hiyo. Stima ikipotea mtaani, betri ndiyo humwezesha kumalizia fomu ya mtu aliyekwisha kulipa, na sitaki kumpunguzia dakika zake kwa ajili ya kadi moja. Tangu keneli 5.5, kila kifaa kinaweza kuwa na swichi zake chini ya /sys/bus/pci/devices, ndani ya saraka ya link. Niliandika 0 katika l0s_aspm ya kadi ya Wi-Fi peke yake, na l1_aspm nikaiacha. Mistari ilisimama. Kwa kuwa swichi hiyo husahaulika kompyuta inapozimwa, niliandika kanuni fupi ya udev, sehemu ya mfumo inayopokea vifaa vinapotambuliwa, inayoirudisha kila kadi inapotambuliwa, tukaiwasha upya laptopu mbele ya mteja aliyekuwa amechoka kungoja, na kimya kikabaki.

Mipaka ya logi nayo nimeiweka, ingawa ni kazi ndogo: SystemMaxUse=200M katika journald.conf, na maxsize katika mpangilio wa logrotate, nikijua kwamba logrotate huamka mara moja kwa siku na kwa hiyo si ukuta kamili. Kichujio cha rsyslog cha kuutupa kila mstari wenye neno AER sikukiweka, kwa sababu hakitofautishi hitilafu iliyosahihishwa na ile iliyoshindikana.

Ami aliniuliza kama sasa anunue kadi nyingine. Nimemwambia asubiri. Kwa kuwa AER haikuzimwa, keneli inaendelea kuhesabu katika faili dogo la aer_dev_correctable chini ya mlango ule ule wa 0000:00:1c.5, ambapo RxErr ina hesabu yake na jumla iko mwisho. Nimemwandikia amri ya kulisoma kwenye karatasi na kuibandika ukutani kando ya bei za kuchapisha, naye atanitumia hesabu hiyo kila Ijumaa kabla ya kufunga. Ikianza kupanda tena kabla kusi haijaisha, tutanunua kadi, na dirisha lile litawekewa pazia zito.