Ua wangu wa Chumbageni, Tanga, kabla ya vuli

Jana jioni, baada ya kufunika cherehani, nilitandaza karatasi ya kaki ninayokatia mitindo nikauchora ua wa nyuma. Mita 6 kwa 4, nimeupima kwa futi ile ile ninayopimia viuno vya wateja. Nilipokwisha kuweka mlango wa jiko, karo na mwarobaini, sehemu ya kulima ilibaki ndogo kuliko nilivyodhani miaka yote.

Huu ni mwezi wa saba. Kipupwe kimekaa, kusi linavuma, alfajiri watoto wanaoga kwa kulalamika. Majirani wananiuliza nalima nini na mvua zimekwisha. Mwaka jana nilisubiri vuli ianze ndipo nishike jembe. Nikachimba tope, nikainua matuta mawili, nikamwaga mbegu za mchicha. Mvua ya usiku mmoja ikabomoa matuta na kuzoa mbegu zote hadi mlangoni kwa jirani. Niliumia sana, maana mbegu zile mamkwe alizikung'uta kwa mkono wake Pangani, akanifungia kwenye pindo la kanga.

Kwenye mchoro, kilichonichukua muda ni kivuli. Upande wa kaskazini kuna ukuta wa urefu wa kama mita 2. Miezi hii jua la adhuhuri limeegemea kaskazini, kwa hiyo ukuta unanitupia kivuli cha kiasi cha mita 1. Nilitaka kuandika kwamba hapo hapafai, kisha nikakumbuka: huku Tanga jua linapita utosini mwanzoni mwa Oktoba, halafu linahamia kusini mpaka Machi. Pale penye baridi leo ndipo patakapokuwa na jua kali Novemba, bamia zikianza kuchanua. Nimechora kwa chaki mbili, nyeupe kivuli cha sasa, buluu kile cha Desemba. Mwarobaini uko kusini, ndio utakaoninyima jua wakati huo. Chini yake sipandi kitu, nimechimba shimo la mboji.

Shimo hilo ndiyo kazi yangu kubwa. Udongo wa hapa kwetu ni kichanga, unamwaga ndoo ya maji na baada ya muda mfupi hujui kama ulimwagilia. Shimoni naweka majani makavu, maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, jivu kidogo, na samadi ya kuku kutoka banda la shoga yangu wa Makorora, kisha narudia. Katikati nimesimika kijiti kirefu. Nikikichomoa kikawa na joto na unyevu, najua mambo yanakwenda. Kikiwa kikavu, nanyunyiza maji. Kila baada ya wiki mbili nageuza. Nikilianza sasa, mwishoni mwa Septemba nitakuwa na mboji nyeusi isiyonuka. Samadi mbichi ingeniunguzia miche.

Chini ya kila tuta nafukia makumbi ili yashike maji. Nachukua ya nazi tunazofua hapa nyumbani. Yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba, nyuzi za kusokotea kamba, siyagusi, yamekunywa chumvi.

Mbegu pia nimezijaribu. Nilichukua mbegu 20 za bamia za msimu uliopita, nikaziviringisha kwenye kipande cha kitambaa cha pamba kilicholowa, nikakiweka ndani ya sahani juu ya kabati. Baada ya siku sita zimechipua 13. Basi nitatia mbegu tatu kila shimo badala ya mbili. Za biringanya zilitoa mche mmoja tu, nimezitupa. Bora nijue Julai kuliko kukaa natazama kitalu kitupu Oktoba.

Nyanya nimeziondoa kabisa kwenye mpango wa vuli. Mvua ikikaa juu ya majani, ugonjwa wa bakajani unazimaliza kabla hazijaiva, nimeliona hilo misimu miwili. Badala yake, miche yangu sita ya nyanya nimeipandikiza wiki hii, nimeikinga kusi kwa uzio wa makuti, na ikirefuka nitaifunga kwenye fito kwa kamba ya katani. Namwagilia asubuhi, chini kwenye shina.

Mamkwe alipiga simu mchana. Baada ya shikamoo akauliza tuta la matembele nimeliweka wapi. Nikamwambia, karibu na karo, maji ya kuoshea mboga yaishie hapo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa mwanangu, nitakuja Jumamosi na marando, nitayafunga kwenye gunia lililolowa. Chimba kabla sijafika."

Nimechimba nusu. Nusu nyingine kesho, kabla sijafungua cherehani.