Moshi una rangi gani?

Jumapili, saa nne usiku

Leo mshale wa geji ya mvuke umefika paundi 100 na ukakaa hapohapo. Nimenawa mikono mara tatu na masizi bado yamo chini ya kucha, lakini sitaki kulala kabla sijaandika. Miezi mitano ya kazi hii, kuizoesha boti ya mvuke ya jirani kula peleti za mbao badala ya makaa ya mawe, nimekuwa nikiandika vipande vipande tu, pembezoni mwa daftari la vipimo.

Hapa ninapoishi, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kuna ziwa Windermere, refu kama kilomita 17, na bado kuna watu wanaotembeza juu yake boti ndogo za mvuke. Ukisikia mvuke na ziwa utafikiria Liemba kule Kigoma, iliyokwenda kwa mvuke hadi ilipofungwa injini za dizeli miaka ya 1970. Hizi si meli. Ni boti za futi 25 hivi, watu sita wakiketi zimejaa, na katikati linasimama boila la wima, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, limefunikwa mbao kiunoni kama mtu aliyejifunga kanga. Jirani yangu anayo moja. Ana miaka 81. Mimi namwita Mzee. Siku ya kwanza nilimweleza neno hilo lina heshima gani kwetu, na tangu hapo ndilo analoitikia.

Makaa ya mawe ndiyo yaliyotufikisha hapa. Boti hizi zilizoea makaa ya Wales, yanayotoa joto jingi na moshi kidogo. Mgodi wa kule, Ffos-y-fran, ulifungwa Novemba 2023, na makaa ya namna ile yakawa ya kutafutwa kwa tochi. Magunia tuliyonunua badala yake yalitoa moshi mzito mweusi, hadi watu waliokuwa wakila kando ya ziwa wakahamisha meza zao. Mzee aliona aibu sana. Hakusema neno njia nzima ya kurudi, na tulipofunga kamba akasema labda wakati umefika boti ipelekwe makumbusho. Mimi sikukubali. Mikono iliyotunza mashine ile kwa miaka arobaini haiwezi kushindwa na gunia la makaa mabaya.

Nilijua mbao inawezekana. Kwenye ziwa la jirani, Coniston, ipo Gondola, boti kubwa ya mvuke iliyoshushwa majini mwaka 1859 na kurudishwa tena mwaka 1980 baada ya kuundwa upya, na mwaka 2008 ilianza kuchoma magogo ya vumbi la mbao lililoshindiliwa. Magogo yale hayaingii kwetu, maana mlango wa tanuri letu ni mdogo kuliko sahani ya wali. Peleti zinaingia.

Peleti ni maranda yaliyosagwa, yakakaushwa, yakasukumwa kwa nguvu kwenye matundu ya milimita 6. Joto la kule kusukumwa hulainisha lignini, ile inayoshikamanisha nyuzi za mti wenyewe, nayo ikipoa inashika. Zile za daraja la juu huku zina unyevu usiozidi asilimia 10 na majivu yasiyozidi asilimia 0.7. Kilo moja ina karibu nusu tu ya joto la kilo ya makaa mazuri. Injini yetu ni ya nguvu farasi 5, na kwa hesabu niliyoipiga na kuirudia, ikifanya kazi sawasawa inataka kama kilo 14 kwa saa, yaani karibu mfuko mzima. Mzee aliangalia hesabu ile, akaangalia boti, akauliza tutakaa wapi.

Jaribio la kwanza tulimwaga tu peleti juu ya wavu wa chuma uliokuwepo ndani ya tanuri. Nusu zilipita katikati ya vyuma zikaanguka kwenye sinia la majivu, zikawaka hukohuko chini. Zilizobaki juu zilishikana kama mchele uliomwagwa, hewa ikakosa njia. Geji ilipanda hadi paundi 30 na kusimama.

La pili nikakata sahani ya chuma kisichoshika kutu, nikaitoboa matundu madogo, nikaiweka juu ya wavu. Peleti zikakaa. Hewa ikazidi kukosa njia. Treni ya mvuke hutupa mvuke uliotumika kwenye bomba la moshi, na ule mvuke ukitoka kwa kasi unavuta moto nyuma yake. Ndiyo sababu ya ule mlio wa chu-chu-chu. Boti yetu haifanyi hivyo. Mvuke wake unapitishwa kwenye mrija chini ya boti, unapozwa na maji ya ziwa, unarudi kuwa maji na kuingia tena kwenye boila. Bomba la moshi linavuta kwa urefu wake tu, na halizidi kimo cha mtu. Nikafunga feni ndogo ya volti 12 ipulize kutoka chini. Hapo moto ukanguruma! Nilifurahi dakika kumi. Cheche zikaanza kuruka kutoka juu ya bomba, sahani ikapinda kama kaki, na tulipofungua siku ya pili tukakuta mirija ya moto, ile inayopitisha mwali na moshi katikati ya maji ya boila, imejaa majivu laini na masizi yanayonata. Na moshi ulikuwa uleule, tena mzito zaidi. Usiku ule nilikuwa tayari kumwambia Mzee basi.

Nikampigia baba.

Baba alichochea boila la kiwanda cha chai Mufindi miaka 26. Majani ya chai hukaushwa kwa hewa inayopashwa na mvuke, na mvuke ule ulitoka kwenye kuni za milingoti, yaani mikaratusi, mlima kwa mlima. Nilikulia ndani ya harufu ile. Sasa amestaafu, yuko Mafinga, sikio la kushoto limekufa kwa makelele ya mashine, kwa hiyo ukimpigia lazima mama ashike simu upande wa kulia.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

Nikamwambia nimekula, nikamwaga yote: wavu, sahani, feni, cheche, paundi thelathini. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza swali moja.

“Moshi una rangi gani?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika joto, uzito, dakika, paundi, kurasa kumi na nne, na rangi ya moshi sikuiandika popote. Nikasema nadhani mweusi. Akasema nadhani haichomi kitu, kesho uwashe uangalie, mwanzo, katikati na mwisho.

Nikawasha. Mwanzo ulitoka wa njano-njano, mzito, unaochoma macho. Moto ulipokolea ukawa mweusi. Nilipompa habari hiyo alicheka kwa furaha, kama niliyemletea zawadi. Ule wa njano, alisema, ni kuni yenyewe inaondoka bila kuungua, ni chakula unachomwaga. Mweusi ni mwali uliogusa chuma baridi kabla haujashiba. “Kuni inapumua mara mbili,” akasema. “Chini kidogo, juu sana. Wewe umempulizia chini tu.”

Vitabu vinasema hivyohivyo kwa maneno marefu. Sehemu kubwa ya mbao, zaidi ya robo tatu ya uzito wake mkavu, hugeuka gesi inapopashwa, na gesi ile huungulia hewani juu ya kitanda cha moto. Makaa ya Wales ni kinyume: karibu yote huungua palepale kwenye wavu. Na maji yakichemka kwa paundi 100 chuma cha boila kinakuwa na nyuzi joto kama 170 tu, jambo ambalo kwa mwali ni ubaridi mkali. Ukiingia kwenye mirija kabla haujamaliza, unazimika na kuacha masizi. Nilikuwa nimeyasoma yote haya. Kuyasoma na kuyaona kwenye moshi ni vitu viwili.

Kisha nikakumbuka jiko la maranda la mama. Unasimamisha chupa katikati ya debe, unashindilia maranda kuizunguka, unaichomoa polepole, unabaki na tundu linalopandisha hewa na mwali katikati. Tulilitumia miaka mingi na sikuwahi kujiuliza kwa nini linawaka vile.

Jiko tulilounda sasa ni kikopo chenye kuta mbili, cha chuma kisichoshika kutu, kinachokaa pale wavu ulipokuwa. Matundu machache chini kwa kitanda cha peleti. Matundu mengi juu, yanatoboka kuelekea ndani, na hewa inayoyafikia imepanda katikati ya kuta hizo mbili ikapata moto njiani. Theluthi moja ya hewa inaenda chini, theluthi mbili juu. Kuzunguka kikopo tumepanga vipande vya tofali linalohimili moto ili mwali usikutane na ukuta wa boila wenye maji nyuma yake mapema mno. Tofali hizo zinatunyima sehemu ya joto, hilo nakiri, lakini bila hizo moshi unarudi. Feni ipo, imepunguzwa hadi husikii. Boila lenyewe hatukuligusa hata kwa drili. Kila kitu kinaingia na kutoka kwa mlango wa tanuri na mlango wa majivu, kwa sababu boila lina cheti chake na mkaguzi wake, na ukilitoboa umejitafutia kesi na pengine mazishi.

Kulisha moto ndiko kulikonitisha. Tuliweka pipa la kilo 5 juu ya mteremko, peleti zishuke zenyewe. Jioni moja nikaona uzi wa moshi unatoka kwenye kifuniko cha pipa: moto ulikuwa unapanda mteremko kwenda kwenye chakula chake. Nilimwaga ndoo ya maji humo. Peleti zikavimba zikawa uji, na tulichokonoa siku mbili. Sasa mteremko una vibati viwili, na kimoja hakifunguki kabla cha pili hakijafungwa. Mzee ndiye aliyebuni ule mkono unaoviunganisha, kwa kipande cha baiskeli ya mjukuu wake.

Kuna faida moja ambayo sikuitarajia na ninaipenda kuliko zote. Makaa ya mawe yakishawaka yamewaka. Maji ya boila yakipungua kwenye kioo cha kuyapimia, unabaki kuomba Mungu huku unayatoa makaa kwa koleo. Peleti ukizikatia, dakika chache moto umelala.

Leo basi tumetoka asubuhi, mifuko minne ndani ya madumu yenye vifuniko kwa sababu ya unyevu, mke wa Mzee amekaa mbele na chupa ya chai. Tumekwenda hadi kusini mwa ziwa na kurudi. Mzee alikaa kwenye usukani bila kugeuka nyuma, na nilijua anaogopa kuangalia bomba. Karibu na visiwa akageuka. Aliangalia kwa muda mrefu. Juu ya bomba hewa ilikuwa inatikisika tu kwa joto, nyuma yake milima inaonekana. Alivua kofia akaishika mapajani.

Naandika na kufikiria vilima vya maranda nyuma ya mashine za mbao za Mafinga, vile vinavyofukuta mvua na jua hadi vinageuka vyeusi. Msitu wa Sao Hill uko pale, viwanda vya chai viko Mufindi hukohuko vinachoma magogo mazima. Sijui kwa nini jambo hili liliningoja huku mbali ndipo lianze kuniuma, lakini linaniuma, na nimeanza kumuuliza baba maswali ambayo ningepaswa kuuliza nikiwa na miaka kumi na tano.

Nilimpigia tukiwa bado gatini, kwa video. Nikaelekeza simu kwenye bomba. Mama akamsogezea kioo karibu na macho.

“Sioni kitu,” akasema.

“Ndiyo baba. Hakuna.”

Akanyamaza. Halafu: “Majivu je?”

Nikavuta sinia. Mifuko mitatu na nusu ya peleti, kilo zaidi ya hamsini, na majivu hayajai kikombe. Nikayasogeza kwenye kamera, meupe kama unga wa muhogo, na ndani yake punje chache nyeusi.

“Hizo nyeusi,” akasema. “Huko chini bado ana njaa kidogo. Mwongezee.”

Kesho nikitoka kazini nitatoboa matundu manne.