Boksi na Ukuta wa Forodhani

Mwishoni mwa Februari 2018 nilisimama juu ya kilima cha Hyland Hills, katika mji wa Bloomington jimboni Minnesota, nikilitazama boksi la plastiki lililolazwa juu ya theluji mfano wa baraza refu la nyumba ya Mji Mkongwe, huku magoti yananitetemeka, wala si kwa baridi. Boksi lenyewe lilikuwa na urefu wa mita tano hivi, na kimo chake hakikunifika gotini. Watoto wa miaka saba walikuwa wakipita juu yake huku wanazungumza. Mimi nilikuwa na miaka 38 na misimu miwili tu ya kuteleza kwa skii, vile vipande virefu vyembamba vinavyofungwa miguuni, na nyonga yangu ya kushoto ilikuwa bado ina alama ya kijani na manjano niliyoipata juu ya boksi hilohilo wiki mbili kabla.

Kilima hicho ni kifupi. Kutoka kileleni hadi chini hakifiki mita 60. Sehemu yake moja imetengwa kuwa uwanja wa vikwazo: mna maboksi, reli za chuma za kutelezea na matuta ya kurukia, na kuna kamba inayozunguka bila kusimama, ambayo unaishika kwa mikono miwili ikakuvuta hadi juu kwa muda mfupi. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa na miaka 14 wakati huo, glovu zake zilikuwa zimelika viganjani kwa kamba hiyo, akazizungushia utepe wa gundi wa kijivu, na kila jioni aliongeza tabaka jingine juu ya lile la jana. Kila kikwazo kina alama inayoonyesha ukubwa wake, na boksi langu lilikuwa la daraja la chini kabisa.

Anguko lile la kwanza nilikuja kulielewa baadaye. Skii ina ukingo wa chuma kila upande, na huo ndio unaouma theluji unapogeuka au unapopunguza mwendo. Mwanafunzi hutumia msimu mzima kujifunza kuuamini. Juu ya plastiki ukingo hauna cha kuuma. Nilipofika katikati ya boksi hofu ilinipanda, nikafanya kile ambacho mwili wangu ulikwisha kukizoea: niliegemea nyuma, nikazilaza skii upande ili nipunguze kasi. Zilichomoka chini yangu kana kwamba nimekanyaga ganda la embe, nikaupiga ukingo wa boksi kwa nyonga. Sikuvunjika, lakini nilikaa pale juu ya theluji nikivuta pumzi kwa taabu, na yule kijana akasimama upande wa juu amepishanisha mikono juu ya kichwa, ili wanaoshuka wajue kwamba chini kuna mtu.

Siku nilizokuwa nauguza nyonga zilikuwa siku za Olimpiki ya majira ya baridi kule Pyeongchang, Korea Kusini. Minnesota nzima ilikuwa ikimzungumzia Jessie Diggins, binti wa Afton, ambaye pamoja na Kikkan Randall aliipatia Marekani dhahabu yake ya kwanza katika skii za masafa. Mimi moyo wangu ulikuwa kwa Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya, mtu wa kwanza kuiwakilisha nchi hiyo katika skii za milimani kwenye Olimpiki. Kijana wetu naye alikuwa na wake, Nick Goepper, aliyepata medali ya fedha katika mashindano ya reli na matuta, miaka minne baada ya kupata shaba kule Sochi, ambako mchezo huo uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Aliniambia kwamba Goepper alijifunzia Indiana, kwenye kilima kidogo kama chetu. "Kilima kidogo kizuri, shangazi," alisema kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa ugenini. "Unarudia, unarudia." Kweli, kwenye mlima mkubwa ungepanda lifti muda mrefu ili upite kikwazo mara moja, ilhali kwa kamba yetu mtu aliweza kupita boksi mara 30 kwa jioni moja, na hofu ikakosa muda wa kukaa na kunenepa.

Usiku mmoja wa siku hizo, nyonga ikiniuma, nilimkumbuka kaka yangu akiwa na umri wa mwanawe. Alasiri, maji yakijaa, vijana wa Unguja hukimbia wakaruka baharini kutoka ukuta wa Forodhani, na yeye alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa nikikaa pembeni na nguo zake mapajani. Siku moja alikimbia vizuri, lakini alipofika ukingoni alisita, labda kwa nusu ya sekunde, na badala ya kuangukia mbali penye kina aliangukia karibu, penye mawe. Alipanda na damu inamchuruzika muundini, na alichoniambia wakati namfunga kitambaa changu ni kwamba ukuta haukuwa na kosa, wala maji. Nilikuwa nimelijua hilo kwa zaidi ya miaka 25, na bado nilihitaji boksi la plastiki huko Bloomington ili nilijue kwa mwili.

Jioni niliyorudi sikuanza na boksi. Nilianza pembeni, kwenye theluji tupu, nikishuka moja kwa moja skii zikiwa bapa kabisa, mikono mbele, magoti yamelegea, bila kugeuka na bila kupunguza mwendo, mpaka pale ambapo kilima chenyewe kinalainika na kunisimamisha. Kisha nikaruka vijiruko vidogo hukohuko. Kisha nikasimama kando ya boksi kwa dakika kumi nikiwatazama wengine, na hapo nikagundua jambo ambalo hofu ilikuwa imenificha: waliokuja polepole ndio walioyumba. Kwenye matuta ya kurukia ni hivyohivyo, na kwa hatari zaidi, kwa kuwa anayekosa kasi hutua juu ya sehemu iliyo tambarare kabla ya mteremko, na kishindo chote kikaingia magotini na mgongoni. Mtu mwoga hudhani kwamba polepole ni salama kila mahali. Nilidhani hivyo maisha yangu yote.

Hata hivyo, nikijua yote hayo, nilishuka mara tatu na mara tatu nikakwepa boksi dakika ya mwisho. Mara ya tatu machozi yalinilenga. Kijana alinifuata hadi kwenye kamba, hakucheka, akasema, "Shangazi, unaangalia miguu. Angalia mwisho wa boksi. Mimi natangulia, wewe kaa nyuma yangu, mwendo wangu ndio mwendo wako."

"Haya, mwanangu," nikamwambia. "Usiende mbio."

"Siendi mbio. Siendi pole pia."

Alitangulia, nikamwacha apate nafasi ya kutosha mbele yangu, nikapaza sauti kwamba nashuka, kama ilivyo desturi pale, nikatoa pumzi yote iliyokuwa kifuani. Taa za usiku zilikuwa zimeliangaza boksi kwa pembeni, nikaiona michirizi myeusi ya skii za watu na vumbi jembamba la barafu juu yake. Kisha nikaacha kuyaona hayo, nikautazama ule ukingo wa mbali tu. Sauti ilibadilika kwanza: mkwaruzo wa theluji ulikatika ghafla, pakawa na mteremko laini usio na sauti karibu yoyote, na chini ya nyayo nikahisi utupu ule unaotisha, wa kutokuwa na cha kushika. Mwili ulitaka kuegemea nyuma, niliusikia ukitaka. Nikasukuma mikono mbele. Halafu theluji ikarudi kuzungumza chini yangu, na nilikuwa nimeshapita.

Nilirudi kwenye kamba bila kungoja kupongezwa, nikapita tena, na tena. Mara ya tano nilianguka, lakini nilianguka mbele na ubavu, nikiwa nimelegea, nikainuka. Hofu haikuondoka jioni ile. Ilikuja kila nilipofika juu, isipokuwa sasa ilikuwa inanikuta tayari nimeanza kushuka.

Tulipomaliza ilikuwa saa mbili usiku, yaani saa kumi na moja alfajiri Unguja, na nilijua kaka yuko macho kwa ajili ya Swala. Nilimpigia tukiwa ndani ya gari, buti bado zimenibana, nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo.

"Ulisita?"

"Mara tatu."

"Na kijana?"

"Alinisubiri zote tatu."

Akacheka kwa furaha, akaomba apewe mwanawe, nikampitishia simu na kuanza kufungua buti.